Kutafuta Gari la Vitanda Guangzhou

Niliondoka Arusha kwa sababu ya mahema. Mimi na mume wangu, Elisante, tunapeleka familia za watalii mbugani, na msimu uliopita mvua iliwalowesha watoto wa wateja hadi mashuka yakakamuliwa. Elisante akawaahidi wazazi kwamba likizo ya Juni watoto wao watalala vitandani, ndani ya gari. Ahadi ilishatoka, gari hatukuwa nalo. Tungerudia mahema, wateja hao wangehamia kwa wengine.

Kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, China, nilipanda treni ya chini ya ardhi hadi mtaa wa Sanyuanli. Shaban, Mzanzibari anayewatafutia Watanzania bidhaa, alinipokea nje ya ofisi za mizigo, vijana wakikandamiza marobota ya nguo kwa magoti.

"Wenzako wote wanakwenda Shahe kununua magauni," alisema. "Wewe wataka nyumba ya magurudumu. Mume kakufukuza?"

"Kanituma."

"Basi twende kabla hajajuta."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kwenye yadi ya magari yaliyotumika, pembezoni mwa jiji. Mwenye yadi tulimwita laoban, yaani bosi, kama wenye maduka wote wanavyoitwa huko. Alitupeleka moja kwa moja kwenye gari refu jeupe. Ndani kulikuwa na viti vya ngozi, jiko, friji, bafu lenye maji moto, na nyuma kabisa vitanda vinne vya dabodeka, kila kimoja na taa yake na pazia lake. Shaban alipanda kitanda cha juu akajilaza, soksi zikining'inia.

"Dada, mimi sishuki. Nisafirishe humu humu."

Laoban alipigapiga usukani kwa fahari. Huko magari yana usukani kushoto, lakini fundi wake alikuwa ameuhamishia kulia kwa ajili ya wateja wa kwetu. "Tanzania!" alisema. Nilimpigia Elisante video. Alipouona usukani, alipiga makofi. "Nunua!"

Mchana tulilijaribu barabarani. Nilimwambia laoban asimame pembeni, kama tunavyosimama safarini abiria wakachimbe dawa. Nililala kitanda cha chini, nikafumba macho, kisha nikakurupuka kama mtoto aliyebanwa na haja. Nilifungua mlango, nikaruka. Nilitua salama kando ya barabara, chini ya mti.

Shaban alicheka. Mimi niligeuka kuutazama mlango. Ulikuwa upande wa kulia.

"Shaban, kwetu tunasimama upande wa kushoto. Ningetua wapi?"

Kicheko kilikatika. "Katikati ya lami. Mbele ya lori."

Laoban aliposikia tafsiri alikuna kichwa. Kuhamishia mlango kushoto? "Meiyou," alisema, hakuna. Ukuta wa kushoto ulibeba jiko, bafu na mabomba yote. Alituonyesha dirisha la nyuma, kwamba watoto watokee hapo.

"Mwambie nauza safari, siuzi sarakasi."

Nilimpigia tena Elisante. Aling'ang'ania. "Si usukani uko kulia? Tutawaambia watoto wasubiri."

"Mtoto wa miaka minne aliyebanwa, atamsubiri nani?"

Aliuliza, "Na wateja nitawaambiaje?"

Nilikuwa nikiangalia karakana ya laoban, mafundi wakiunganisha fremu za vitanda kama vile vya gari jeupe. Nikamkumbusha kosta yetu, basi dogo lililolala gereji kwa sababu tuliona limezeeka. Mlango wake uko kushoto. "Waambie vitanda vipo, bafu hakuna."

Jioni laoban alituuzia vitanda vinne na mapazia, akinung'unika kwamba nimekuja kununua ng'ombe nikaondoka na kwato. Shaban alivifikisha ofisi ya mizigo Sanyuanli, navyo vikaja kwa kontena. Mimi nilirudi Baiyun na begi langu moja.

Juni ilipofika, vitanda vilikuwa vimefungwa ndani ya kosta. Familia mbili zilijitoa kwa sababu ya bafu. Nyingine zote zilisafiri, na watoto walipigania vitanda vya juu.

Sisi tunaoagiza magari kutoka mbali, tukiingia yadi tunakimbilia kiti cha dereva. Mimi nikitazama gari sasa, naanzia kitanda cha mtoto mdogo kuliko wote, halafu nafuata njia atakayopita hadi mguu wake uguse ardhi.