Mugongo wa Mama na Mufuko wa Kukimbia

Huku Goma kila nyumba ina mufuko wa kukimbia. Wetu ni wa buluu, unakaa nyuma ya mulango hapa Majengo. Ndani kuna kadi za uchaguzi, diplome yangu, karatasi ya shamba la mama kule Rutshuru na picha za skana za mugongo wake. Mulima ulipotoa moto mwaka wa 2021 tulikimbilia Sake na mufuko huo na sufuria moja. Mama alikuwa amepasuliwa mugongo miezi mitatu tu kabla. Alitembea ameshika bega langu, na njia nzima aliuliza nani atamuvunia maharagwe.

Mama yangu Léoncie ni mulimaji, si mutu wa kukaa kwenye kiti. Alipopona alirudi kwake Rutshuru, akalima misimu miwili. Mwezi wa sita 2022 akanirudia, mguu wa kushoto unamuwaka kama zamani. Munganga aliyemupasua alikuwa safarini, lakini tulipigisha picha nyingine ya skana, safari hii wakimuchoma dawa kwenye mushipa kwanza.

Siku ya kuchukua majibu ardhi ilitikisika kidogo. Na mimi, kwa ile tabia yetu ya hapa, nikasukumia kila kitu ndani ya mufuko: picha mpya na za zamani bahasha moja. Kesho yake nikavuta moja, nikamupelekea Anastase, jirani yetu enfirmie, muuguzi wa hospitali. Akaiinua dirishani, akaonyesha kwa kidole: disque, ile sahani laini kati ya mifupa ya mugongo, imetoka, inabana neva. Akasema bila operesheni ya pili, jembe ndiyo basi. Hakutazama tarehe. Mimi pia sikutazama, na eti nimesoma.

Ulikuwa mwezi wa tisa, watu wanapanda. Minibasi za Rutshuru zilikuwa bado zinapita, na mama alikuwa ameshafunga mbegu zake kwenye kitenge. Aliposikia maneno ya Anastase hakulia. Alifungua kile kitenge, akaosha mbegu, akazipika. Tulikula mbegu za mama juma zima.

Ee, alilitamani lile shamba. Alikuwa akitaja udongo wake mweusi, jinsi unavyonuka mvua ikikatika, mpaka nikaona wivu, kama vile anamutaja mutoto mwingine. Hapa kwetu ni mawe ya volkano tu, jembe linagonga linarudi. Mwisho wa mwezi wa kumi waasi wakaingia Rutshuru, barabara ikafungwa.

Munganga alirudi mwezi wa kumi na moja. Nilimwaga mufuko wote juu ya meza yake, nikamuuliza operesheni ya pili itakuwa lini. Akatundika picha mbili kwenye taa, akasoma tarehe, akaniuliza nani aliyetuambia habari ya operesheni ya pili. Ile aliyoisoma Anastase ilikuwa ya kabla ya kupasuliwa. Kwenye mpya, alisema, kinachoonekana karibu na neva ni kovu la kisu. Kovu hunywa ile dawa ya mushipa na kung'aa. Disque iliyotoka hainywi. Kovu linaweza kuuma, lakini hapa halihitaji kisu tena. Linataka dawa, mazoezi na kutembea.

Mama alisikiliza mikono juu ya magoti.

"Nitalima?" akauliza.

"Utalima, mama. Polepole, na mizigo mizito uiache."

Nilifurahi mpaka nikacheka. Mama hakucheka. Alizitazama zile picha mbili, kisha akanigeukia.

"Kumbe mwezi wa tisa ningelienda," akasema.

Neno hilo hakulirudia, si siku ile, si baadaye. Ningependa anigombeze. Nimesubiri anigombeze.

Anatembea kila siku, kama alivyoagizwa. Mwanzo alifika kwenye bomba la maji, halafu sokoni, sasa anafika pale minibasi za Rutshuru zilipokuwa zinapakia watu. Hakuna gari hata moja. Majirani wamemuona amesimama, uso upande wa barabara, halafu anageuka anarudi.

Mimi namuuliza, kwa sababu munganga ameniagiza niulize: mugongo unasemaje? Naye ananijibu kwa upole kwamba leo tena hauumi. Mungu anisamehe, kuna siku natamani aseme unauma.