Pindo la Vidole Vinne

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Alipoamua kuasili mtoto, akiwa na miaka arobaini na tisa, hakwenda kwenye vitanda vya wachanga pale kituo cha watoto. Alimchukua msichana wa miaka kumi na tatu, ambaye familia mbili zilishamchukua zikamrudisha.

"Huyo keshakomaa," muuza mkaa alimwambia. "Utamfundisha nini?"

"Sikutafuta mwanafunzi. Nilitafuta mtu wa kukaa naye nyumbani."

Na alimpata. Mtoto mkubwa anakuja na vichekesho vyake tayari. Ndani ya mwezi mmoja yule binti, ambaye kwa wembamba wake tulimwita Sindano, alikuwa akiiga wateja wanaobana pumzi wakipimwa kiuno, mpaka Shangazi anasahau kukanyaga cherehani. Alifumua mishono, alipiga pasi, alibishia kila kitu. Wanaosema watoto wa umri huo hawapendeki hawajakaa nao meza moja hata siku moja!

Ilibaki hatua ya mwisho. Jumatatu afisa ustawi wa jamii angekuja kumuuliza Sindano mwenyewe kama anakubali kuwa mtoto wa Shangazi. Akikataa, basi.

Jumamosi Shangazi alimkabidhi sare mpya ya shule. Ilimkaa utadhani amezaliwa nayo. Sindano akaivua, akaigeuza, akatazama pindo. Jioni tulimkuta anapanga nguo kwenye begi.

"Wewe, kulikoni?" Shangazi aliuliza.

"Najiandaa tu, Fundi. Sare za watoto wote unaacha pindo la vidole vinne, lishushwe wakirefuka. Langu kidole kimoja. Nimepima. Kwa hiyo mwakani sitakuwepo."

Shangazi akaketi kitandani. Alikuwa amekata kitambaa kwa kipimo kamili, kama anavyowakatia maharusi.

"Nilitaka ung'ae mbele ya afisa," alisema. "Nikasahau kwamba unakua."

"Fundi mzima?"

"Fundi mzima."

"Wateja wakisikia!"

"Thubutu. Nitakushona mdomo."

Sindano alicheka, lakini begi halikufunguliwa usiku ule.

Jumapili asubuhi Shangazi alizunguka maduka matatu kutafuta kitambaa kama kile. Alichopata kilikolea rangi kidogo. Wakakiunga chini ya sketi, wakakikunja kwa ndani, vidole vinne kamili. Sindano ndiye aliyeshona, na mshono ukaenda upande. Alipomaliza, alirudisha nguo zake kabatini.

Jumatatu afisa aliuliza alichokuja kuuliza.

"Nakubali," Sindano alisema, akishika pindo la sare aliyovaa. "Na huo mshono uliopinda ni wangu, asilaumiwe yeye."

Hadi leo anamwita Fundi, isipokuwa anapotaka kitu; hapo ndipo utasikia "Mama". Pindo lilishushwa mwaka uliofuata. Rangi hazikulingana hata kidogo, na alikwenda na sare hiyo shuleni hivyo hivyo.