Machozi ya Ukurasa wa Mwisho

Haya ya Jumamosi nimejitafutia mwenyewe, wala sina wa kumlaumu.

Sisi wanawake saba wa Tibirinzi tuna chama chetu cha kusoma. Kitabu ni kimoja, kinapita nyumba kwa nyumba, kisha tunakutana kwa Bi Rukia, mwalimu wangu wa darasa la kwanza, kila mtu atoe maoni yake. Mara hii msomaji wa mwisho nilikuwa mimi. Kitabu nikaenda nacho kwa wakwe zangu kijijini Ole, nachambua karafuu asubuhi hadi magharibi. Hata jalada sikulifungua.

Lakini mdomo ninao! Wenzangu walipokuwa wakizungumza, mimi nadokoa: huyu kasema mjane kamsamehe mwanawe, yule kasema barua ilichelewa kufika. Zamu yangu ilipofika nikakohoa kama shehe kwenye mimbari.

"Ule ukurasa wa mwisho," nikasema, "nimeusoma mara mbili. Nimelia mpaka mto ukarowa!"

Bi Rukia, aliyenikabidhi kitabu mwenyewe, akafungua mkoba wake, akatoa karatasi nne zilizokunjwa vizuri.

"Hizi za mwisho ziliachia nilipokuwa nasoma, nikaziweka nizitie gundi," akasema taratibu. "Kila siku nakungoja uje kuziulizia."

Kisha akaushika mkono wangu, kama alivyoushika siku aliponifunza kuandika jina langu, akazitia karatasi kiganjani.

"Kulia ushalia, mwanangu. Imebaki kusoma tu."