Baba Alipomsindikiza Afisa wa Kodi

Baba yangu alikuwa askari. Macho yake yalianza kufifia baada ya kustaafu, na mwaka aliofariki mama yakazima kabisa. Lakini ndani ya nyumba yetu, kule mtaa wa Soweto jijini Mbeya, mtu asiyejua asingegundua. Nyumba hiyo aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na mikono yake iliikumbuka. Alipita mlangoni bila kupapasa. Alimimina chai kwa kusikiliza sauti ya kikombe kikijaa. Fimbo aliitundika nyuma ya mlango, akisema ni ya barabarani.

Umeme wetu alikuwa anatulipia baba mdogo, anayelima kwao Igowole, Mufindi. Kodi ya jengo inakatwa kwenye luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, na miezi tuliyokosa ilikuwa imejikusanya. Baba mdogo akituma hela, kodi inakula kwanza, sisi tunabaki na uniti za siku chache. Mwisho akachoka. Alipiga simu akasema, "Kaka, mlemavu anasamehewa kodi ya nyumba anayoishi. Fuatilieni. Ukipata msamaha, mimi nitaendelea kusaidia ubaki hapo. Ukikosa, njoo tukae wote huku, nyumba tuweke wapangaji."

Umri wa kusamehewa kama mzee baba alikuwa hajaufikia. Tulikuwa na cheti cha zamani cha hospitali, lakini kilisema uoni hafifu. Kwenye ofisi ya kodi wakasema atakuja afisa kuhakiki.

Asubuhi hiyo baba alinyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi. Geti lilipogongwa, alishasimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee," afisa alisema. Alikuwa kijana.

"Marahaba, mwanangu. Kamwene!" alimwongezea salamu ya kwao. "Karibu ndani. Inama, mlango wangu ni mfupi, niliujenga kwa kimo changu."

Afisa alicheka, akainama. Baba alimvutia kiti, akamimina chai, akamsogezea na sukari. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na jiko. Nilitaka kumwambia baba aache, nimimine mimi. Lakini mbele ya mgeni sauti huwa hainitoki.

Waliongea habari za jeshi na za mvua. Afisa alipoaga, baba alisimama naye. Kwao Mufindi mgeni haachwi mlangoni, anasindikizwa. Basi akatangulia uani, akazunguka tanki la maji, akapita chini ya kamba ya nguo huku ameinamisha kichwa.

"Angalia hapo, kuna mtaro," alimwambia. "Umeshatega wengi huo."

Afisa alikuwa karibu kutumbukia. Aliruka, akasimama, akamtazama baba kwa muda.

"Mzee, mbona wewe unaona kuliko mimi?"

Baba akacheka sana. Alifurahi. Alidhani anasifiwa.

Nilimkimbilia afisa nje ya geti. "Kaka, haoni. Hapa amepazoea tu."

"Dada yangu," alisema kwa upole, "nimesindikizwa na kipofu hadi barabarani, nikaonyeshwa hata mtaro. Nikaandike nini?"

Jibu lilikuja kwamba tulete kwanza vipimo vipya vya macho. Hospitali ya rufaa ilitupa tarehe ya mbali. Niliomba afisa arudi, akakubali. Jioni nikamwambia baba, "Akija, wewe kaa tu. Mimi nitakushika mkono."

"Nimpokee mgeni nimekaa?"

"Baba, mara moja tu."

"Nipapasepapase ndani ya nyumba yangu ili kijana aone?" Kisha akasema, "Haya. Nitajaribu."

Na alijaribu. Afisa alipogonga, nilimshika mkono, tukaenda taratibu. Tulifika katikati ya sebule. Akaniachia. Alivuta shati likae sawa, akaenda mwenyewe mlangoni, moja kwa moja, akasema, "Karibu, mwanangu. Inama."

Sikumlaumu. Lakini nililia jikoni mpaka moshi wa mkaa ukawa kisingizio.

Msamaha tukaukosa. Baba mdogo hakutuhamisha kwa ubaya. Wapangaji walipatikana haraka, watu wazuri wenye watoto. Siku ya kuondoka baba alishika ukuta wa nje, akatembea akiugusa mpaka nyumba ilipoishia. Kisha akaniomba fimbo.

Igowole kuna baridi na ukungu. Baba mdogo ana nyumba kubwa yenye milango mingi. Baba anakaa kwenye kiti kimoja karibu na moto, tangu asubuhi. Chai anamiminiwa. Tarehe ya hospitali ilifika, tukakosa nauli ya kurudi Mbeya. Na hata tungekwenda, nyumba ya kuombewa msamaha sasa wanaishi wengine.

Jumapili iliyopita alikuja jirani kutusalimia. Alipoaga, baba alisimama, akanyoosha mkono mbele, ukagonga kabati. Vikombe vikalia. Jirani akasema, "Kaa tu, mzee, usijisumbue," akatoka.

Baba alibaki amesimama.

"Mwanangu," aliniuliza, "ametokea mlango upi?"