Jino Langu na Mgonjwa wa Msanzi

Hadi leo nikikutana na Daktari Salome naona haya. Enzi zile za ruksa, zahanati za watu binafsi ziliporuhusiwa tena, ndiyo kwanza alikuwa amefungua yake ya meno pale mtaa wa Mazwi. Alinisafisha mzizi wa jino, akaziba, akasema, "Mwalimu, litauma siku mbili tatu. Likizidi, rudi."

Siku ya tatu lilizidi, na shavu likavimba. Nilirudi nikiwa nimefura, nikafoka mbele ya wagonjwa: "Huyu ameniharibia jino! Kaeni hapo awaue!" Mama mmoja kutoka kijiji cha Msanzi alimtazama binti yake aliyevimba taya, akamshika mkono, wakaondoka.

Daktari alinikalisha kitini, akamulika, akachomoa kitu kwenye ufizi kwa kibano.

"Mwalimu, hii si njiti ya kiberiti?"

Ilikuwa njiti yangu. Jana yake nilichokonoa nyama iliyonasa, ikakatikia mle, nikadhani nimeitema.

"Nisamehe, daktari," nilisema.

"Mimi nimekusamehe. Yule binti ana usaha."

Nilikimbia hadi stendi. Gari la Msanzi lilikuwa limeshaondoka.