Tonge Nililolificha Kwenye Kitenge

Waliokuwepo siku ile nawataja wote, maana hata nisipowataja watajitaja wenyewe mnadani: wadogo zangu Robi na Chacha, ambao nimewalea tangu wazazi walipotuacha, jirani yetu Bibi Wankuru, Mama Nyangi na binti yake, Mwita mwenye pikipiki, na mbwa wetu, ambaye ndiye aliyeniumbua. Mimi ni Bhoke. Aibu niliyoipata hapa Kemambo, nikiikumbuka nageuza uso ukutani hata kama niko peke yangu.

Ilikuwa risaga kwenye shamba letu la mahindi, yaani majirani wanakuja kukupalilia, siku nyingine na wewe unakwenda kwao na jembe lako. Mwenye shamba anapika, na sharti aonje kwanza mbele ya wote. Sasa mimi mchana wa siku hiyohiyo nilitakiwa hospitali kwa kile kipimo cha mpira wenye kamera unaoshushwa mpaka tumboni, na daktari alisema nisile chochote tangu usiku. (Miezi mingi tumbo linawaka, chakula kinagoma kushuka, na mengine utayasikia, maana wote waliyasikia.) Ningesema tu, yangeisha. Lakini mama yetu alianza na tumbo hivyohivyo mpaka likamuua, sikutaka Robi na Chacha wajue, basi nikaamua nitakata tonge, nitajifanya natafuna, kisha nitalitelezesha kwenye kitenge nilichojifunga.

Nikatafuna hewa vizuri kabisa, hata nikaguna kwa utamu, nikainuka kugawa dagaa, ndipo mbwa akashika pindo la kitenge kwa meno, mimi navuta, yeye anavuta, tonge likadondoka katikati ya watu.

Mama Nyangi akarudisha mkono wake kutoka kwenye sinia.

"Bhoke, umetuwekea nini humu ambacho wewe hukitaki?"

"Hakuna kitu, mama."

"Basi kula."

Kula siwezi, kutokula ni kukiri kwamba nimewawekea kitu, na watu wameshaanza kufuta mikono kwenye nyasi, nami kwa kuchanganyikiwa nikapaza sauti kama nahubiri: "Naumwa tumbo! Naenda kupimwa! Nikienda chooni kinatoka cheusi kama masizi ya sufuria!"

Mbele ya Mwita, jamani. Mwita akayakazia macho mahindi kama anayahesabu. Binti wa Mama Nyangi akaangua kicheko, mama yake akamfinya.

Chacha hakucheka. "Kama mama?" akauliza.

"Sijui, mdogo wangu. Ndiyo maana naenda wakaangalie."

"Ulitaka kwenda peke yako," Robi akasema, machozi yanamtoka. "Huko nani angekushika mkono?"

Bibi Wankuru akakata tonge kubwa, akachovya kwenye mchuzi, akameza. "Nimemuonjea mimi. Kuleni. Wewe Mwita, washa hiyo pikipiki, umpeleke yeye na Robi. Na hayo masizi, mjukuu wangu, kamwambie daktari kwa sauti hiyohiyo."

Mpira ulishuka (sitaki kuusimulia), wakaona kidonda, wakanyofoa kinyama kidogo kikapelekwa mbali kupimwa, na majibu bado. Nameza dawa, nangoja. Kila asubuhi Chacha anasimama nje ya choo, anauliza, "Dada, leo rangi gani?" na mimi, mtu mzima, namjibu. Zamani ningekufa kwa aibu. Siku hizi nisipomsikia hapo nje namwita.

Kuwaficha wadogo zangu ugonjwa ili wasiogope, sirudii tena, kwa sababu waliogopa vilevile, tena kwa ghafla.

Shamba letu walilimaliza siku ileile, niliporudi nikalikuta safi. Juzi nikachukua jembe kwenda kwa Bibi Wankuru, akaninyang'anya hapo uani, akaliegemeza kwenye ghala lake. "Majibu kwanza," akasema. Jembe liko huko mpaka leo, magugu ya shambani kwake yamefika magotini, na palizi ile ni yangu, sijailipa.