Bi Fatma Hakupanda Basi

Wifi yangu Dalal anaishi Ibra, huku Omani, na kazi yake ni kuwapangia wanawake wa Kiomani safari za Japani. Anahakikisha wali na samaki havitiwi pombe jikoni, anakodi chemchemi nzima ya maji moto ili kina mama waoge kwa stara, anawachagulia wiki ambayo majani ya milimani yanageuka mekundu. Mtu mwengine akisahau jambo dogo atacheka; yeye hukosa usingizi.

Safari ya Novemba alimtia na mama yake, Bi Fatma, mzaliwa wa Wete, mjane tangu mwaka juzi. Mume wangu Humoud alikataa: mama mtu mzima, magoti mabovu, aende wapi? Dalal akashikilia. Mwenyewe hakwenda kwa sababu ya ujauzito, akamkabidhi mama kwa Aliya, kiongozi wa msafara.

Asubuhi moja mimi na Dalal tulikuwa jikoni kwangu tunachambua mchele, simu ikalia. Aliya alikuwa akihema. "Dalal, Ma Fatma hayupo! Tumerudi kwenye basi, hayumo. Simu yake kaiacha kwenye kiti."

Ibra jua lilikuwa halijafika utosini. Kule Japani, kwenye kijiji walichotembelea nje ya mji wa Takayama, lilikuwa linazama. Nyuma ya kijiji kuna msitu, na msituni kuna dubu. Dalal alilijua hilo vizuri, maana ndiye aliyewanunulia wasafiri njuga za kufukuzia dubu. Ya mama yake ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba umo ndani ya basi.

Nikamwambia akae. Hakukaa. "Nimemuua mama yangu," alisema, "kwa ajili ya majani!" Niliogopa, na nikamkasirikia pia, maana Humoud alikuwa akipiga simu kutoka kazini na hakuna kati yetu aliyethubutu kuipokea.

Aliya alipopiga tena, Dalal alinisukumia mimi nipokee. Wamempata. Aliya alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, akaona makubadhi ya Kiomani yamepangwa vizuri mlangoni. Ndani alimkuta Bi Fatma na bibi wa Kijapani wa umri wake, matunda yametundikwa juu yao yakauke, hakuna anayejua neno la mwenzake. Bibi yule alikuwa amemwita kwa mkono akammiminia chai. Bi Fatma alipotosheka alikitikisa kikombe, kama tunavyofanya huku kwenye kahawa, kumaanisha basi. Mwenyeji akaona kikombe kitupu, akajaza. Kukiacha kimejaa ni utovu wa adabu, kwa hiyo Bi Fatma akanywa, akatikisa. Akajaziwa.

Dalal alininyang'anya simu, spika ikiwa wazi. "Shikamoo mama! Umetutia kiwewe, wallahi! Watu wanakutafuta msituni!"

"Marahaba mwanangu. Msituni nifate nini?"

"Si ungeinuka tu ukaondoka! Umefungwa kamba?"

"Mwanzo nilikaa kwa haya," alisema Bi Fatma. "Halafu nikaona raha. Toka afe baba yenu, hakuna mtu aliyekaa na mie kutwa nzima hivi, ananitazama usoni."

Dalal akakaa, hatimaye. Mimi niligeukia mchele wangu. Bi Fatma tunakaa naye nyumba moja, mimi na Humoud.